Miaka Minane ya Kubishana Bila Kuulizana

Mjadala wa kama mahakama ya kadhi, inayoamua ndoa, talaka na mirathi za Waislamu, iwemo katika Katiba ya Kenya ulidumu miaka minane, kuanzia rasimu ya Katiba ya mwaka 2002 hadi kura ya maoni ya Agosti 2010. Ulihubiriwa makanisani na misikitini, ukafika mahakamani, ukapigiwa kampeni, ukafungwa kwa kura. Naurudia leo kwa sababu sijaona mfano mwingine ulio wazi kama huo wa watu wa dini kubishana muda mrefu hivyo bila upande mmoja kumuuliza mwenzake swali na kulingoja jibu. Tena tumeanza upya. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo peke yake. Haukupita muda, wengine walikuwa wakishangilia na wengine wakilalamika, kila mtu kwa watu wake, na maneno ya 2010 yakarudi kama yalivyokuwa.

Watu wa imani tofauti hawapatani kwa kujifanya wanaamini mamoja. Hilo ndilo kosa la makongamano mengi ya amani tunayoalikwa: shehe anafungua kwa dua, askofu anafunga kwa sala, katikati kila mtu anasema Mungu ni mmoja na amani ni muhimu, picha zinapigwa, chakula kinaliwa, watu wanaondoka na kile walichokuja nacho. Upatanisho ninaouamini mimi ni mgumu kuliko huo. Ni watu kuketi juu ya jambo moja linalojulikana, mapema kabla hasira hazijapanda, kila mmoja akisema wazi dini yake inamtaka nini na wapi hawezi kukubali. Kenya imewahi kuufanya. Ndiyo maana inauma kuona tulivyouacha.

Mwaka 1999 Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa inataka marekebisho ya Katiba yabaki mikononi mwa wabunge. Juni mwaka huo Mchungaji Timothy Njoya alipigwa vibaya nje ya Bunge, mchana, mbele ya kamera, kwa kudai wananchi washirikishwe. Ilipofika Desemba, viongozi wa dini walikuwa wameanza kukutana katika jumba la Ufungamano, Nairobi, mwendo mfupi kutoka Ikulu. Walikuwako Baraza la Makanisa (NCCK), maaskofu Wakatoliki, Baraza Kuu la Waislamu (SUPKEM) na Baraza la Wahindu, pamoja na mashirika ya kiraia na wanasiasa wa upinzani waliokosa mahali pengine pa kusemea. Juni 2000 wakazindua tume yao wenyewe, Tume ya Wananchi, chini ya Dkt. Oki Ooko Ombaka. Serikali nayo ilikuwa na ya kwake. Profesa Yash Pal Ghai alipoteuliwa kuiongoza hii ya Serikali alikataa kuanza kazi hadi pande mbili zizungumze, na mwaka 2001 tume hizo zikaungana.

Tusilipite jambo hili haraka. Padri, imamu na kiongozi wa Kihindu walikaa chumba kimoja miezi mingi, wakaibana Serikali iliyokuwa na polisi na pesa, na Serikali ikalegea. Hakuna aliyebadili dini. Hakuna aliyetakiwa kukiri kwamba Utatu na Tauhidi ni kitu kimoja. Swali lililowakutanisha lilikuwa moja: nani ana haki ya kuandika Katiba? Jibu lilikuwa moja pia, wananchi wote, na kila dini ililifikia kwa njia yake.

Udhaifu wa Ufungamano ulikuwa humo humo. Waliulizana nani aandike. Hawakuulizana kila mmoja anataka kuandika nini. Nadhani waliogopa. Umoja wao ulikuwa na nguvu na adui wa pamoja alikuwa mlangoni, na mtu akiwa na umoja wa namna hiyo hutamani usiguswe. Wakristo hawakuambiwa na Waislamu, kwa utulivu na mapema, kwamba mahakama ya kadhi kwao si jambo la kupatana bei. Waislamu nao hawakuambiwa na Wakristo kwamba neno hilo likionekana ndani ya Katiba mpya litawatia hofu waumini wengi wa bara ambao hawajawahi kumwona kadhi. Rasimu ya Tume ya Ghai ilipotoka mwaka 2002, ikiwa na mahakama za kadhi zilizopanuliwa hadi ngazi ya rufaa, kila upande uliipokea kama habari ya ghafla. Jumba lililowaweka pamoja miaka miwili halikutosha tena.

Historia yenyewe haikuwa siri. Kadhi alikuwapo Pwani karne nyingi kabla ya Mwingereza. Mwaka 1895 Uingereza ilipochukua usimamizi wa ukanda wa maili kumi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, ilikubali kuacha sheria ya Kiislamu iendelee kwa wenyewe. Oktoba 1963, uhuru ukikaribia, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walibadilishana barua: ukanda unaingia Kenya, na Kenya inaahidi kulinda mahakama za kadhi na uhuru wa ibada. Ahadi hiyo ikaingizwa katika Katiba ya uhuru. Kwa hiyo Mwislamu wa Lamu au Mombasa aliposikia mwaka 2003 kwamba kadhi aondolewe, hakusikia hoja ya kisheria. Alisikia kwamba sharti ambalo babu zake waliingilia Kenya linavunjwa na watu wasiojua kama liliwahi kuwekwa.

Upande wa pili nao ulikuwa na maswali ya haki, na nayasema hapa kwa sababu sisi wa Pwani tuliyadharau mno. Kwa nini Katiba ya nchi isiyo na dini rasmi iitaje mahakama ya dini moja? Kwa nini kodi ya Mkristo wa Nyeri, au ya mtu asiye na dini kabisa, imlipe kadhi? Na ikiwa ahadi ya 1963 ilihusu ukanda wa Pwani, kwa nini kadhi awe Nakuru na Kakamega? Haya si maswali ya chuki. Mtu anayeuliza hivyo anaweza kuwa mwema kabisa, na anastahili jibu. Jibu lipo: dola ya Kenya inatambua na kugharamia utekelezaji wa sheria za jadi katika ndoa na ardhi, imekuwa na sheria ya ndoa za Kihindu, na Mwislamu wa Kakamega anaoa na kufa kama wa Mombasa. Mtu anaweza kulikubali jibu hilo au kulikataa. Lakini walioulizia Nakuru hawakulisikia kwa mdomo wa Mwislamu. Walisikia kutoka mimbarini kwamba Sharia inakuja.

Neno Sharia likawa ndio mjadala wote. Mwaka 2007 Raila Odinga alipotia saini makubaliano na jukwaa la viongozi wa Kiislamu kabla ya uchaguzi, zikasambaa nakala mbili zisizofanana, moja ikidai kwamba ameahidi Sharia. Watu walioketi pamoja Ufungamano miaka saba kabla yake walikuwa na namba za simu za wenzao. Wangeweza kupiga na kuuliza: hii ni yenu? Badala yake hati hiyo ilisomwa na kufasiriwa hadharani hadi siku za kura, na kila aliyeogopa alipata cha kumwogopesha mwenzake.

Mwenye kutaka kuelewa mahakama hiyo hufanya nini hasa, tuwachukue wajane wawili wa mtaa mmoja Likoni, mmoja Mwislamu na mwenzake Mkristo. Waume zao wamefariki, kila mmoja ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, na baada ya kulipa madeni na mazishi, kila familia imebaki na shilingi 800,000. Yule Mwislamu anakwenda kwa kadhi. Kadhi anauliza nani wamebaki hai, anaangalia vyeti, anasikiliza mashahidi, kisha anagawa. Mjane mwenye watoto ana thumuni, yaani shilingi 100,000. Zinabaki 700,000, zinakatwa mafungu matano: kila mtoto wa kiume mafungu mawili, binti fungu moja. Watoto wa kiume wanapata 280,000 kila mmoja, binti 140,000. Jirani yake Mkristo yuko chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981. Vyombo vya nyumbani ni vyake moja kwa moja, na mali iliyobaki anaitumia maishani mwake; kisha watoto watatu, wa kiume na wa kike, wanagawana sawa kwa sawa.

Mahakama ya kadhi iliyotisha nchi nzima ni hiyo. Haimkati mtu mkono. Haisikilizi kesi ya wizi wala ya uzinzi. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inaiwekea mipaka mitatu: iwe ni hali binafsi ya mtu, ndoa, talaka au mirathi, wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali kusikilizwa na kadhi. Mkristo hawezi kuburutwa humo, na Mwislamu asiyetaka anayo Mahakama Kuu.

Lakini tazama tena ile hesabu ya wajane wawili. Humo ndimo lilimo jambo la kuzungumzwa kweli. Binti anapata nusu ya kaka yake. Ibara ya 24(4) ya Katiba inaruhusu jambo hilo, kwa kusema masharti ya usawa yanaweza kupunguzwa kwa kadiri inayohitajika kabisa ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya kadhi. Mwislamu anayo hoja yake: ndugu wa kiume ndiye anayebebeshwa matumizi ya nyumba, dada hana wajibu nayo, na mahari ya dada ni yake mwenyewe. Mwenye kupinga naye anayo ya kwake: leo nyumba nyingi za Mombasa zinalishwa na binti, na kaka hana kazi. Na kuna jambo ambalo pande zote mbili hulisahau. Utafiti uliofanywa katika mahakama za kadhi za Pwani miaka ya 1980 ulionyesha kwamba wengi wa waliofungua kesi walikuwa wanawake, na mara nyingi walishinda. Mke aliyetelekezwa, aliyenyimwa matumizi, aliyewekwa ndani bila kuachwa wala kutunzwa, kimbilio lake lilikuwa kadhi. Mwanamke huyo hakuulizwa chochote na waliotaka kumwondolea kadhi, wala na waliodai kumtetea.

Hasara kubwa ya miaka ile minane, naiona mimi, ilikuwa hiyo. Tulitumia pumzi yetu yote katika tofauti ya uongo, hata ile ya kweli haikufikiwa. Kama Mkristo na Mwislamu wangeketi mwaka 2003 wakaondoa kwanza jambo la mikono kukatwa, wangebaki na swali zito na la heshima: ni wapi dola inapaswa kuiachia dini haki ya kugawa tofauti, na binti wa Likoni asemaje? Swali hilo lina Waislamu katika pande zote mbili, na lina Wakristo pande zote mbili pia. Angalau lingeondoa ule mpaka wa dini dhidi ya dini.

Mwaka 2010 mambo yakafika kileleni. Tarehe 24 Mei, katika kesi iliyofunguliwa na viongozi wa makanisa tangu 2004, Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuweka kadhi ndani ya Katiba kulikwenda kinyume cha usawa. Waislamu wakasema majaji wameingilia kampeni. Tarehe 13 Juni mkutano wa maombi wa waliopinga rasimu ukashambuliwa kwa milipuko katika bustani ya Uhuru, watu sita wakafa na makumi wakajeruhiwa. Tarehe 4 Agosti wananchi wakapiga kura, kijani kwa Ndio, nyekundu kwa La, na Ndio ikapata karibu asilimia 67. Kadhi akabaki. Kwa kuwa Waislamu ni takriban asilimia 11 ya Wakenya, kwa sensa ya 2019, ni dhahiri kwamba mamilioni ya Wakristo waliipitisha rasimu ile ijapokuwa wachungaji wao waliwaambia wasiipitishe. Mimi naliona hili kuwa jambo kubwa, nalo halikuwahi kuchunguzwa ipasavyo. Inawezekana waumini wa kawaida walikuwa na maelewano ambayo viongozi wao hawakuwa nayo. Inawezekana pia walikuwa wanataka tu magatuzi na kumpunguzia Rais mamlaka, wala kadhi hakuwashughulisha. Vyovyote iwavyo, kura iliamua matokeo na haikumfundisha mtu yeyote jambo juu ya jirani yake.

Siku ya kuyalipia yale tusiyoyazungumza haikuwa mbali. Al-Shabaab walijua fika pa kutupiga. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, walisimamisha basi lililokuwa likielekea Nairobi, wakawatoa wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Wengi walikuwa walimu wanaorudi kwao kwa likizo ya Krismasi. Aprili 2015 waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenganisha wanafunzi kwa dini, na watu 148 wakafa. Lengo lao halikuwa kuua tu. Walitaka Mkristo wa Kenya amtazame Mwislamu wa Kenya na kuona muuaji, kisha nchi ifanye kazi iliyobaki. Walikaribia kufaulu. Walimu kutoka maeneo mengine walikataa kurudi Kaskazini Mashariki, na watoto wa Kiislamu wa Mandera na Wajir wakakaa madarasani bila wa kuwafundisha.

Halafu ikaja Jumatatu ya tarehe 21 Desemba 2015. Basi lilitoka Nairobi kuelekea Mandera, likiwa na abiria zaidi ya 60. Karibu na El Wak likamiminiwa risasi, likasimama, wenye bunduki wakaingia na kuamuru yale yale ya mwaka uliotangulia: Waislamu huku, Wakristo kule. Katika dakika chache walizokuwa nazo, wanawake Waislamu waliwapa wenzao Wakristo hijabu na vitambaa vya kujifunika. Abiria wakakataa kugawanyika. Wakawaambia washambuliaji: tuueni sote, au tuacheni. Watu wawili waliuawa siku hiyo, lakini mauaji yaliyokusudiwa hayakufanyika. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule huko Mandera, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa kuwasaliti abiria wenzake. Akiwa bado anauguza majeraha aliwaambia waandishi wa habari kwamba watu ni ndugu, dini tu ndiyo tofauti, na akawaomba Waislamu wenzake wawalinde Wakristo, nao Wakristo wawalinde Waislamu. Alifariki Nairobi tarehe 18 Januari 2016.

Nimesikia watu wakieleza kisa hiki kama ushahidi kwamba ubinadamu uko juu ya dini. Sikubaliani nao. Mwanamke anayevua mtandio wake wa akiba na kumfunika jirani wa kiti hajaweka dini yake kando, ameifanyia kazi. Anajua aya ya Sura al-Maida isemayo kwamba aliyeokoa uhai wa mtu mmoja ni kama aliyeokoa watu wote, na aliijua kabla hajapanda basi lile. Anajua pia kwamba aliyemwamuru amtoe jirani yake auawe alikuwa anaitumia dini yake yeye. Kumkataa mtu yule kulikuwa ni kuikomboa. Mkristo aliyefunikwa naye hakusilimu kwa mtandio ule. Alibaki Mkristo, akashuka Mandera Mkristo, akiwa hai.

Watu hawakufanya mkutano ndani ya basi lile. Hapakuwa na muda. Walichokifanya kilitokana na maisha ya kabla yake: kununua dukani pamoja, watoto kufundishwa na mwalimu wa kutoka Machakos, kukaa kiti kimoja saa nyingi katika njia mbovu. Tena walikuwa wameshaona mwaka mzima hasara ya kukosa walimu. Sidharau mafundisho ya dini katika jambo hili, ila nasema mafundisho yalikuta pa kukaa. Waumini waliokwisha kuonana ana kwa ana hawagawiki kirahisi, hata kwa bunduki.

Viongozi nao wanaweza, wakiwa na kazi mkononi. Mwaka 2020, korona ilipofunga nyumba zote za ibada, liliundwa baraza la pamoja la dini chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri litoe masharti ya kufungua tena. Julai likaja na masharti hayo: watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, wasihudhurie walio chini ya miaka 13 wala zaidi ya 58, na madrasa pamoja na shule za Jumapili zikae kwanza. Ukiyasoma juujuu ni masharti ya afya. Ukiyafikiria unaona ni lazima watu walisikilizana sana kuyafikia. Saa moja ni nyingi kwa swala ya Ijumaa na haianzi kutosha kwa kanisa la Kipentekoste linaloabudu nusu siku. Msikiti una swala tano kila siku na mahali pa kutawadha. Kanisa lina Jumapili na ushirika. Mzee wa miaka 60 aliyezuiwa ndiye mara nyingi imamu mwenyewe, au mchungaji. Huwezi kuandika kanuni moja ya wote hao bila kumuuliza kila mmoja: kwenu hili likoje?

Kwa maneno hayo matatu tu, kwenu hili likoje, Ufungamano ingeweza kupona mwaka 2002.

Naongeza sharti moja ambalo kwangu ndilo kipimo cha mazungumzo ya kistaarabu. Kabla sijaijibu hoja yako, niweze kuieleza hadi wewe uniambie: ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema. Shehe aeleze hofu ya kanisa juu ya dola kupendelea dini, na askofu akiri kwamba ameelezwa sawasawa. Askofu aeleze ahadi ya 1963 na uzito wake kwa mtu wa Pwani, na shehe akubali. Jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika. Linamtaka mtu aache kwa muda lile fundo la hasira linalomfanya apendwe na watu wake. Mhubiri anayemweleza mpinzani wake kwa haki hapigiwi makofi, na wapo waumini watakaomshuku kwamba amelegea.

Mwanasiasa halitaki kabisa, na hapa viongozi wa dini wana wajibu ambao si wa mtu mwingine. Kampeni za kura za maoni za 2005 na 2010 zilipanda mimbarini kwa sababu wanasiasa walikaribishwa. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alitangaza kwamba wanasiasa hawatasimama tena kwenye mimbari zake, na Novemba 2024 Kanisa Katoliki jijini Nairobi likarudisha fedha alizochangia Rais William Ruto. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Mimbari ni mahali ambapo mtu mmoja husema na wengine hawamjibu; ni sawa kwa Neno la Mungu, si sawa kwa anayeomba kura. Misikiti ifuate, hasa sasa kabla ya uchaguzi wa 2027, ambapo kila mgombea wa Pwani atatafuta shehe wa kupigwa naye picha.

Turudi kwenye mambo mawili yaliyo mezani. La kwanza ni la shule. Mwaka 2014, katika shule ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, ilitakiwa wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Shule ikasema sare ni moja kwa wote. Kukatokea vurugu, kesi ikafunguliwa, Mahakama ya Rufaa ikawapa wasichana haki mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, hasa kwa kasoro za namna dai lilivyoletwa. Lakini majaji walisema jambo ambalo halikupewa uzito: kila shule iweke katika kanuni zake namna ya kuwazingatia wanafunzi wenye sharti la dini, kwa kushauriana na wazazi. Kwa maneno mengine, kaeni.

Katika bodi ya shule ya namna hiyo anaketi mwakilishi wa kanisa na wanaketi wazazi Waislamu. Mwakilishi wa kanisa ana neno la kweli: kanisa lilijenga, linataka shule ibaki na sura yake, na linaogopa kwamba ikikubali hili leo kesho itaombwa jingine. Mzazi Mwislamu ana la kweli: shule ni ya umma, walimu wake wanalipwa na Serikali, na binti yake hachagui kujisitiri kama anavyochagua rangi ya soksi. Maneno haya mawili yanaweza kukaa chumba kimoja. Yanaweza kutoa kanuni: hijabu ya rangi ya sare, isiyoficha uso, kwa anayetaka, na shule kubaki na sala yake ya asubuhi kwa wanaotaka. Kazi kama hiyo ni ya alasiri mbili tatu, na ilitumia miaka mitano ya mahakama.

La pili ni hukumu ya 2025 juu ya watoto wa nje ya ndoa. Hii ni ngumu zaidi, maana inagusa kile ambacho wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakiona kimekwisha amuliwa na Mungu, yaani nasaba, na kwa upande mwingine inamgusa mtoto ambaye hakuchagua siku ya kuzaliwa kwake. Sitarajii kadhi na wakili wa haki za watoto wakubaliane juu ya kanuni. Natarajia wakubaliane juu ya mtoto huyo kula, kusoma na kuwa na paa. Sheria ya Kiislamu yenyewe inampa baba njia akiwa hai: zawadi, na wasia wa hadi theluthi ya mali kwa asiye mrithi. Makadhi wanalijua hilo, mawakili wengi hawalijui. Mawakili nao wanajua wajibu wa matunzo uliomo katika sheria ya watoto, na waumini wengi hawajaelezwa. Kadhi Mkuu, Chama cha Mawakili, mabaraza ya Waislamu na makanisa yenye uzoefu wa kulea watoto wa namna hiyo wana kila sababu ya kukaa sasa hivi, mwaka huu, kabla mwanasiasa hajaipanda hukumu hii jukwaani. Waanze na swali la baba aliye hai leo na mtoto wa nje, afanye nini wiki hii kabla hajafa. Jibu likipatikana, lisomwe misikitini Ijumaa na makanisani Jumapili, kwa maneno yale yale.